Mji Mrefu wa Barabarani: Miaka Mia ya Mstari, Shinyanga hadi Geita

Januari 2021 yalitoka matangazo mawili yasiyojuana. Huko Saudi Arabia, Mwanamfalme Mohammed bin Salman alitangaza The Line, mji wa kujengwa jangwani kwa mstari mmoja wa kilomita 170, usio na barabara za magari. Mwaka uliofuata ikatoka michoro yake: kuta mbili za vioo zenye kimo cha mita 500, upana wa mita 200 kati yake, na makazi ya watu milioni 9. Mwezi huohuo wa Januari, Rais John Magufuli alisimama Kahama, mkoani Shinyanga, akautangaza mji huo kuwa Manispaa.

Michoro ya Saudi Arabia ilizunguka dunia nzima. Lakini mji wa mstari ulikwishakuwepo, na watu walikuwa wakiishi ndani yake. Toka Isaka uelekee magharibi: utapita Kagongwa, Kahama, Masumbwe, Ushirombo, Runzewe. Vuka ziwa upande wa Busisi: utapita Sengerema, Geita, Katoro, Buseresere, Bwanga. Nyumba zimegeuza nyuso barabarani, duka limegusana na gereji, gereji na mama lishe, mama lishe na stoo ya mahindi. Ukiingia ndani safu chache tu, umefika shambani. Mji huu haukuchorwa na msanifu yeyote. Umejengwa na reli, amri, dhahabu na lami, kwa muda wa karibu miaka mia, na historia yake inastahili kuandikwa kabla hatujaanza kuwasifu wengine kwa kuuota.

Wazo lenyewe ni la Mhispania, Arturo Soria y Mata. Mwaka 1882 aliandika gazetini kwamba miji ya Ulaya inasongamana kwa sababu inakua kwa kuzunguka kitovu kimoja. Yeye alitaka barabara moja pana, tramu katikati, nyumba zenye bustani pande zote mbili, na nyuma yake mashamba. Kila mtu, tajiri kwa maskini, angeishi umbali wa kutembea kwa mguu hadi kituo. Ujenzi ulianza mwaka 1894 pembezoni mwa Madrid, na zikajengwa kama kilomita 5 tu kati ya nyingi alizokusudia. La kuzingatia ni namna alivyofanya: kampuni iliyoendesha tramu ndiyo iliyonunua ardhi, ikapima viwanja, ikaleta maji na umeme. Usafiri, ardhi na huduma vilikuwa katika mkono mmoja. Kwetu vilikuja kila kimoja kwa mkono wake na kwa mwaka wake, na hapo ndipo penye kisa chote.

Kabla ya mstari, Usukuma ulikuwa nchi ya kaya zilizotawanyika. Mtu alichagua pa kujenga kwa kusoma udongo: misonge juu kwenye mchanga usiotuama maji, mashamba yakishuka mteremkoni, malisho ya kiangazi chini mbugani. Kaya ilizungushiwa minyaa, boma la ng'ombe likiwa ndani, na karibu nayo eneo lililofungwa ili nyasi na miti vipumzike, ngitili. Jirani alikuwa mbali kiasi cha kusikia yowe. Mgeni aliyezoea vijiji vya Ulaya aliona nchi isiyo na mpango. Mpango ulikuwepo, ila ulifuata udongo na maji, haukufuata njia.

Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Hadi wakati huo mzigo wa kanda ya ziwa ulikwenda kwa meli hadi Kisumu, ukapanda treni ya Mombasa. Sasa pamba na ngozi za Usukuma zikapata njia ya Dar es Salaam, kupitia Isaka, Shinyanga, Malampaka na stesheni nyingine. Hapa kuna jambo ambalo wapanga miji wetu wamelipita haraka mno. Treni haisimami popote, husimama stesheni. Kwa hiyo maduka ya Wahindi, maghala, viwanda vya kuchambua pamba, ofisi za serikali na minada ya ng'ombe vilikusanyika penye stesheni, na katikati ya stesheni moja na nyingine nchi ikabaki mashamba na malisho. Reli ni mstari, lakini iliyazaa makazi kwa mafundo. Mji wa Shinyanga ni mtoto wa fundo hilo.

Miaka hiyohiyo ardhi yenyewe ilikuwa ikibadilishwa. Charles Swynnerton, aliyeongoza idara ya utafiti wa mbung'o, aliifanya Shinyanga kuwa kituo cha vita dhidi ya mdudu huyo. Watemi waliitisha watu, na maelfu walitoka kufyeka vichaka ili mbung'o akose kivuli. Ng'ombe walipata nafasi na watu walihamia maeneo yaliyofunguliwa. Kazi hiyo iliokoa mifugo mingi, na pia ilianza kuivua Shinyanga miti yake. Baada ya vita vya pili vya dunia, Mpango wa Maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka 1947 ulichimba malambo na kuwahimiza watu wa wilaya zilizojaa wahamie Geita, kulikokuwa na pori na mvua nzuri zaidi. Pamoja na malambo zikaja amri: matuta ya lazima, kupunguza ng'ombe kwa lazima. Mwaka 1958 Geita ilijibu kwa maandamano makubwa dhidi ya baraza la wilaya la mseto lililowekwa na Waingereza. Waliohamia walikuwa wamechagua ardhi. Hawakuwa wamekubali kupangiwa kila kitu juu yake.

Madini nayo yalijenga makazi, ila kwa namna nyingine. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi Mwadui, kaskazini mashariki mwa Shinyanga, na ndani ya uzio ukatokea mji kamili wenye hospitali, shule, umeme na uwanja wa ndege. Huko Geita, mgodi wa dhahabu uliofunguliwa katika miaka ya 1930 ulifanya kazi hadi mwaka 1966, ukafungwa. Miji ya aina hii ilijifunga yenyewe. Huduma ziliishia getini, na mgodi ulipokufa, kama ulivyokufa ule wa Geita, hakukuwa na sababu ya kubaki.

Kisha ukaja mwaka 1974.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Nia yake ilijulikana na wengi waliikubali: huwezi kumpelekea shule, zahanati na maji mtu mmojammoja aliyetawanyika porini. Hilo lilikuwa kweli mwaka 1974, na bado ni kweli. Lakini Operesheni Vijiji ilipofika Shinyanga na Geita iliendeshwa na maofisa waliokuwa wakishindana na kalenda. Serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa mwaka 1972, kwa hiyo hapakuwa na baraza la wenyeji la kuuliza: kijiji hiki kitakunywa maji ya wapi? Juma Mwapachu, aliyekuwa ofisa wa serikali wilayani Shinyanga wakati huo na miaka mingi baadaye akawa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, aliiandika operesheni hiyo mwaka 1976. Andiko lake ni la mtu aliyeiamini, naye hakuficha kwamba ilikuwa ya kulazimisha.

Wapi pa kujenga? Jibu jepesi lilikuwa barabarani. Lori la kubeba vyombo na miti ya nyumba lingefika, mkaguzi angeona, idadi ya nyumba ingehesabika bila kushuka garini. Viwanja viligawiwa kwa safu zilizonyooka, nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, zikitazama njia. Waliokataa walibomolewa, na mahali pengine nyumba za zamani zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Nyuma yao walibakiza mahame: minyaa, miti michache, samadi ya miaka mingi iliyorutubisha mashamba ya karibu na nyumba.

Ndipo hesabu ikaanza kukataa. Mkulima aliyekuwa akitoka mlangoni na kuingia shambani sasa alitembea saa nzima au zaidi. Shamba la mbali halilindwi dhidi ya ndege wala nguruwe, halipati samadi, halipaliliwi kwa wakati. Mifugo iliyokuwa imeenea mbugani ilirundikana karibu na safu za nyumba, ikakanyaga nyasi hadi udongo ukabaki wazi. Kuni za mamia ya kaya zilikatwa katika mzunguko mmoja uliozidi kupanuka. Ngitili, ambayo ilitegemea kaya kukaa jirani na malisho yake na kuyalinda, ikakosa mwenyewe. Operesheni iliangukia pia kwenye ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975, na nchi ikalazimika kuagiza chakula kwa wingi. Si haki kuutupia mstari wa nyumba lawama zote za njaa ile. Lakini ulifika wakati mbaya, na uliwakuta watu wameng'olewa kwenye ardhi waliyoijua.

Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilivipa vijiji hivyo hadhi ya kisheria, na kufikia mwaka 1977 zaidi ya Watanzania milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi vijijini. Polepole, amri ilipolegea, familia nyingi za Usukuma zilirudi kwenye mashamba na mahame yao. Barabarani hata hivyo hapakuwa pameachwa patupu. Shule ilikuwa imejengwa pale, duka la kijiji pale, mashine ya kusaga pale, kituo cha basi pale. Mfupa wa mji ulikuwa umeshawekwa, na nyama ikaja baadaye.

Ardhi ndiyo iliyolia kwanza. Katikati ya miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa vumbi, na hali aliyoiona Nyerere katika ziara yake huko ilichangia kuanzishwa kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986. Wataalamu walianza kwa kupanda miche. Kilichofaulu zaidi kilikuwa kuwarudishia watu kazi waliyoijua: kufunga ngitili, za familia na za kijiji, kwa sheria ndogo za dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na ulinzi wa sungusungu. Ndani ya miaka chini ya ishirini zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa msitu na malisho, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Naiweka habari hii katikati ya historia ya mji kwa makusudi. Mji mrefu unaishi kwa mkaa, kuni, maji na chakula cha nchi iliyo nyuma yake. Nchi hiyo ikifa, mji hauna pa kuegemea.

Nyama ya mfupa ule ilikuwa dhahabu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipowaruhusu wachimbaji wadogo kuchimba na kuuza, rashi, yaani mikurupuko ya kukimbilia dhahabu, zilifuatana: Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, Bulyanhulu. Palipotoka dhahabu palichimbwa mashimo yaitwayo maduara, na kando yake yakasimama maturubai, karasha, vibanda vya pombe na maduka ya nguo katika muda wa wiki chache. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwa nguvu Bulyanhulu, na mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji pale mwaka 2001. Mgodi mpya wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000. Buzwagi, jirani na Kahama, ulifuata mwaka 2009, ukamaliza uzalishaji mwaka 2021.

Fedha ya rashi hailali kwenye rashi. Mchimbaji anajua duara litakauka, kwa hiyo akipata hujenga mahali ambapo magari yataendelea kupita. Ndiyo sababu Kahama na Katoro zimekua kuliko machimbo yoyote yaliyozilisha. Dhahabu ya Nyarugusu ikawa vyumba vya kupangisha Katoro. Dhahabu ya Bulyanhulu ikawa hoteli Kahama. Lami ilipokamilika, malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yaliongeza wateja usiku na mchana. Na tofauti na treni, lori husimama popote palipo na chakula na maegesho. Mstari ukatanda. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Geita, uliozaliwa mwaka huohuo, ukiwa na watu 1,739,530. Sensa ya 2022 ilihesabu 2,977,608. Hakuna halmashauri ambayo ingepokea watu zaidi ya milioni moja na laki mbili ndani ya miaka kumi bila kuyumba.

Jinsi mji unavyoongezeka ni rahisi kueleza. Mwenye shamba lililogusa barabara hukata viwanja vya hatua ishirini kwa ishirini, vya mbele ghali, vya nyuma rahisi. Jirani yake naye hukata vyake. Kila mmoja huacha kichochoro cha kumtosha yeye, na vichochoro havikutani. Miaka mitano baadaye kuna nyumba mia mbili nyuma ya lami ambazo gari la zimamoto haliwezi kuzifikia, na mtoto anayekwenda shule upande wa pili hana njia nyingine ila kuvuka barabara kuu kati ya malori. Kila safari, hata ya kununua chumvi, hupitia mstari uleule. Soria alikuwa na barabara moja kuu, lakini aliikatiza kwa mitaa ya mikingamo, iliyopimwa kabla ya nyumba ya kwanza. Hiyo mikingamo ndiyo tuliyoikosa.

Gharama ya kukosa huko ilichorwa kwa rangi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 60, thelathini kila upande kutoka katikati. Nyumba zilizokuwa halali jana zikajikuta ndani ya hifadhi leo. X ya kijani ilimaanisha utalipwa fidia; X nyekundu ilimaanisha bomoa mwenyewe au ubomolewe. Fikiria mzee aliyehamishwa na serikali mwaka 1974 akaambiwa ajenge pale, karibu na njia, kisha akaishi kuona X ukutani kwa kosa la kuwa karibu na njia. Barabara inahitaji nafasi, na mita 60 si nyingi kwa njia inayobeba mzigo wa nchi nne. Lakini serikali ile ile iliyopanga safu za nyumba ilikuwa na wajibu wa kukumbuka nani aliyeziweka pale, na fidia ilipaswa kuanzia hapo.

Huduma moja ilipangwa vizuri, nayo ni maji. Mwaka 2009 Rais Jakaya Kikwete alizindua mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwa miji ya Kahama na Shinyanga. Maji yanavutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanasukumwa hadi tangi lililo juu kilimani, kisha yanashuka kwa mserereko kuelekea miji hiyo, yakivihudumia vijiji vilivyo njiani. Baadaye bomba liliongezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Mstari unaofuata kilima na kuhudumia waliopo pande zote mbili: hivi ndivyo Soria alivyotaka, na KASHWASA, mamlaka ya maji ya Kahama na Shinyanga, imefanya kwa ukimya kile ambacho mipango mingi ya miji yetu imeshindwa.

Sasa mstari unabadilishwa tena. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania. Juni 2025 alifungua daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji, na foleni ya kivuko iliyokuwa ikiichelewesha Geita ikaisha. Mwaka huo pia Katoro ilitangazwa kuwa jimbo la uchaguzi. Daraja litavuta nyumba zaidi kandokando ya lami ya Geita. Hilo halina shaka. Reli inaweza kufanya kinyume chake, kuyakusanya makazi kwenye mafundo kama ilivyofanya mwaka 1928, lakini kwa sharti moja: ardhi inayozunguka kila stesheni ipimwe sasa, mitaa ikatize, soko na stendi viwekwe pale, kabla madalali hawajafika. Kwa maoni yangu, nafasi ya namna hii haitarudi tena katika maisha ya waliopo.

Kazi ya kuanzia inajulikana mahali pake. Katoro na Buseresere ni mji mmoja kwa macho ya yeyote anayepita, lakini Katoro iko Halmashauri ya Wilaya ya Geita na Buseresere iko Chato. Hadi mwaka 2012 hata mikoa yao ilikuwa tofauti, Mwanza na Kagera. Mtaro unaoanza kwa mmoja huishia mpakani, na dampo la mmoja ni jirani wa mwingine. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inazipa halmashauri zote mbili mamlaka ya kupanga. Madiwani wa Geita na Chato wakae meza moja, wachore mitaa ya mikingamo kutoka lami hadi mashambani, waweke alama za mawe mahali ambapo mji utakatika ili ngitili na mashamba yabaki, na wamlipe fidia kila atakayeguswa. Wafanye hivyo mwaka huu, wakati nyuma ya safu ya nne bado kuna mahindi.